Mtoto wa miaka mitatu avae nini usiku?

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaingia katika chumba cha kulala cha mtoto, tena saa zile ambazo nyumba nzima imelala. Tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo watu hawapendi kulitaja mezani, lakini linawachosha akina mama wengi kuliko magonjwa kadhaa yenye majina makubwa. Ni habari ya mtoto wa miaka miwili, mitatu au minne ambaye mchana anajua kusema, "Mama, nataka kukojoa," lakini usiku analowanisha godoro. Je, avalishwe nini? Arudishiwe nepi za utotoni? Anunuliwe zile pampasi za kuvaa kama chupi? Au aachwe alale mbichi mpaka ajifunze mwenyewe?

Msimamo wetu tuuseme mapema. Tunaona kwamba mtoto wa umri huo anastahili kuvaa nguo nene ya usiku inayonyonya mkojo, bila kuaibishwa na bila kuharakishwa. Na kwamba kwa nyumba nyingi za kwetu nguo hiyo ni afadhali iwe ya kitambaa cha pamba, inayofuliwa na kuanikwa, kuliko ile ya kutupa. Hatusemi kwamba ya kutupa ni mbaya. Ina mahali pake, na tutapataja.

USIKU MTOTO HAJIFUNZI

Lipo wazo lililozoeleka kwamba mtoto akilala katika ubaridi wa mkojo wake mara kadhaa, ataona adha na kuacha. Wazo hili linaonekana kuwa na busara, kumbe ndilo chanzo cha mateso mengi. Hebu tulichunguze.

Ili mtu alale mpaka asubuhi bila kukojoa, mambo matatu hayana budi kukomaa mwilini mwake. Kwanza, ubongo lazima utoe kwa wingi wakati wa usiku homoni iitwayo vasopresini, ambayo huziamuru figo kupunguza maji ya mkojo. Pili, kibofu lazima kiwe na nafasi ya kutosha. Waganga hukadiria nafasi hiyo kwa kuchukua umri wa mtoto katika miaka, kuongeza moja, kisha kuzidisha kwa mililita 30. Hivyo mtoto wa miaka mitatu ana kibofu cha mililita 120 hivi, yaani kama nusu kikombe cha chai. Tatu, kibofu kikijaa, ubongo uliolala lazima upate habari na kumwamsha mwenyewe. Haya matatu hayafundishwi kwa fimbo wala kwa ubaridi, kama vile meno yasivyofundishwa kuota.

Ndiyo maana waganga hawalihesabu jambo hili kuwa ni tatizo la kutibiwa kabla mtoto hajatimiza miaka mitano. Hata katika umri huo, yapata watoto 15 katika kila 100 bado hulowanisha kitanda, wavulana wakiwa wengi kuliko wasichana. Kila mwaka unaopita, kama 15 katika kila 100 ya hao waliobaki huacha wenyewe bila dawa yoyote. Aidha, jambo hili hufuata damu. Ikiwa wazazi wote wawili walikuwa vikojozi utotoni, watoto wao yapata 77 katika 100 watakuwa hivyo hivyo. Akiwa mzazi mmoja tu, ni 44. Wasipokuwepo, ni 15. Kwa hiyo baba anayemfokea mwanawe kila asubuhi angefanya vizuri kwenda kwanza kumwuliza bibi wa mtoto habari za utoto wake yeye baba.

Mchana ni habari nyingine. Mchana mtoto yu macho, anahisi unyevu, anajifunza kuvua kaptula na kukimbilia poti. Nguo inayonyonya mno mchana inaweza kumnyima habari hiyo, nasi tunashauri mchana avae chupi ya kawaida hata kama ataharibu mara mbili tatu. Lakini usiku hakuna somo linaloendelea. Hivyo wale wanaosema, "Ukimvalisha nepi usiku utamdekeza, hataacha kamwe," wanachanganya mambo mawili yasiyofanana.

Na hapa tunapenda kusema neno kwa ukali kidogo. Bado zipo nyumba ambamo mtoto huamshwa alfajiri akabebeshwa shuka lake na kuzungushwa kwa majirani huku wenzake wakimwimbia. Zipo ambamo hufungwa chura kiunoni ili hofu imkaushe. Hofu haikaushi kibofu. Humfanya mtoto aogope kulala, afiche nguo mbichi uvunguni, na alale kwa kushtuka usiku kucha. Vijana wangapi wameogopa kwenda shule za bweni kwa sababu ya vidonda vya namna hii ambavyo vingeepukwa kwa mita moja ya kitambaa?

KIPIMO CHA KIKOMBE

Basi tuje kwenye nguo yenyewe. Unapochagua, swali la kwanza si uzuri wa rangi wala picha ya dubu iliyochorwa mbele. Swali ni: itabeba kiasi gani, na itabeba wapi?

Tumeona kibofu cha mtoto wa miaka mitatu hubeba nusu kikombe. Wako watoto wanaokojoa mara mbili usiku. Kwa hiyo nguo ya usiku lazima iweze kumeza kikombe kizima bila kuvuja. Hilo unaweza kulipima nyumbani kabla mtoto hajavaa. Tandaza nepi uliyoikunja, mimina polepole nusu kikombe cha maji ya vuguvugu mahali mkojo utakapoangukia, subiri dakika tano, halafu mimina nusu ya pili. Subiri tena, kisha kandamiza juu yake kiganja chenye kitambaa kikavu. Kitambaa hicho kikilowa chapachapa, ongeza tabaka. Kikipata unyevu kidogo tu, nepi yako inafaa. Kipimo hiki hakidanganywi na muuza duka.

Mahali nako kuna maana. Mvulana hulowanisha zaidi mbele, hasa akilala kifudifudi. Msichana hulowanisha zaidi katikati na chini. Kuongeza unene sawasawa pande zote ni kupoteza kitambaa na kumfanya mtoto atembee kama bata. Kunja tabaka la ziada, uliweke panapohitajika.

Kuhusu aina ya kitambaa, pamba ndiyo mfalme. Taulo nzee za mitumba, fulana za pamba zilizochakaa, kanga iliyofuliwa mpaka ikawa laini, flaneli, na hata marekani iliyofuliwa mara nyingi, vyote hunyonya vizuri. Poliesta na nailoni hazinyonyi; mkojo hutiririka juu yake na kwenda kulowanisha godoro. Muuzaji akikuambia ni pamba, dondoshea tone moja la maji. Pamba iliyozoea kufuliwa hulimeza mara moja, ilhali nailoni huliacha tone limekaa kama ushanga. Lakini usiikatae pamba mpya kwa sababu tone limekaa juu, kwani kitambaa kipya huwa bado kina mafuta na wanga wa kiwandani. Kifue kwa maji ya moto na sabuni mara tatu nne, ndipo ukihukumu. Kitenge kipya kina ukaidi huo huo.

Njia tunayoipendekeza ni ya sehemu mbili. Ya kwanza ni pedi nene: tabaka mbili za taulo katikati na tabaka moja ya fulana laini upande wa ngozi, zikashonwa pamoja pembeni tu ili zikauke upesi. Ya pili ni chupi kubwa ya kushikilia pedi hiyo, ambayo fundi cherehani wa mtaani anaweza kuishona kwa nusu saa. Mwambie asibane lastiki ya mapajani. Vidole vyako viwili vipite chini yake bila shida. Ukimvua mtoto asubuhi ukakuta alama nyekundu iliyozunguka paja na isiyotoweka upesi, lastiki hiyo imembana. Ilegeze siku hiyo hiyo. Kiunoni iwe rahisi kuvuka na kuvuta, maana mtoto akiamka usiku na kutaka poti, asikute amefungwa kama mzigo. Hapo ndipo chupi inapoishinda nepi ya pini.

Pedi nne ni chache, sita zinatosha, na masika nane hazizidi. Chupi za nje tatu zinatosha.

Je, juu yake afungwe plastiki? Kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku nchini Tanzania, tarehe 1 Juni 2019, walikuwepo waliomfunga mtoto mfuko wa rambo juu ya nepi ili shuka lisilowe. Mfuko ukimvuka mtoto na kumfikia usoni humziba pumzi, na hata ukibaki mahali pake huipika ngozi usiku kucha. Chupi za plastiki zenye matundu ya hewa ziko madukani na hazina hatari hiyo, lakini sisi tungeweka plastiki kitandani kuliko mwilini. Ule mpira ambao mama alinunua kwa ajili ya kujifungulia bado upo sandukuni katika nyumba nyingi. Utandike juu ya godoro, juu yake weka kanga iliyokunjwa mara mbili, kisha shuka, na kingo zote uzifutike chini ya godoro barabara. Godoro la sponji likishalowa mara kumi halina dawa. Nepi zote za mwaka hazifikii gharama ya godoro jipya.

PAMPASI ZA KUTUPA

Jina "pampasi" limekuwa kwetu kama "kolgeti": jina la bidhaa ya kampuni moja limegeuka kuwa jina la kitu chenyewe. Kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani iliijaribu Pampers sokoni mwaka 1961. Zile za kwanza zilikuwa karatasi nyingi tu ndani ya plastiki. Mageuzi makubwa yalikuja miaka ya 1980, viwanda vilipoanza kutia ndani yake unga mweupe ambao ukikutana na maji hugeuka kuwa kama uji mzito na kuyashika yasirudi. Unga huo huweza kunywa maji safi mamia ya mara kuliko uzito wake. Kwa mkojo, ambao una chumvi, uwezo huo hushuka sana na kubaki makumi tu. Hivyo ukitaka kuipima pampasi kwa kipimo chetu cha kikombe, tia chumvi kidogo katika maji, la sivyo itakupa majivuno isiyokuwa nayo. Mwaka 1989 kampuni nyingine ya Marekani, Kimberly-Clark, ilileta zile za kuvutwa kama chupi kwa watoto wanaojifunza kujisaidia, na siku hizi za namna hiyo zinatoka katika viwanda vya nchi nyingi.

Hatuna budi kukiri sifa yake: pampasi nzuri inameza usiku mzima na ngozi hubaki kavu kuliko ndani ya kitambaa kilicholowa. Kwa safari ya usiku katika basi, kwa kulala ugenini, kwa mtoto anayeharisha, kwa mama aliyelazwa au aliyejifungua juzi na hana wa kumfulia, kwa mji usio na maji, sisi wenyewe tungenunua bila kusita. Pia kwa nyumba ambayo mama na baba wote hutoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini. Hakuna sababu ya kumlaumu mama wa namna hiyo.

Lakini wengine hununua kwa sababu jirani ananunua. Kwao tunasema: fanyeni hesabu. Pampasi moja kila usiku ni 30 kwa mwezi na 365 kwa mwaka, na huenda mtoto akazihitaji miaka miwili zaidi. Uliza bei ya pakiti, igawanye kwa idadi iliyomo, kisha linganisha na bei ya moja moja dukani; mara nyingi anayenunua moja moja kwa kukosa fedha za pakiti ndiye anayelipa ghali kuliko wote. Halafu zidisha kwa 365. Wengi wakiona jumla hiyo hukumbuka mara moja ile taulo nzee kabatini.

Kwa anayeamua kununua, atazame kilo zilizoandikwa kwenye pakiti, si umri, maana watoto wetu hawakui sawa. Zile zinazouzwa zikiwa zimefunguliwa, bila pakiti na bila maandishi, zisimguse mtoto. Hujui zimelala wapi wala nani kazishika. Pampasi iliyotumika haianikwi juani ikavaliwa tena. Tunalisema hili kwa sababu lipo. Ikikauka, uchafu na vijidudu hubaki ndani yake, na ule unga hauwezi tena kazi yake.

Na baada ya kutumika itakwenda wapi? Isitupwe katika choo cha shimo. Haiozi kama kinyesi. Hujaza shimo kabla ya wakati wake na kuziba bomba la gari la kunyonya. Isitupwe mtoni wala kando ya ziwa. Kuichoma uani hutoa moshi wa plastiki ambao mtoto yule yule ndiye anauvuta. Kama kuna gari la taka, ifungwe na kupelekwa huko. Kama hakuna, chimba shimo refu mbali na kisima na ufukie kila unapotupa, mbwa wasifukue. Kazi hiyo ya kuchimba shimo, mara 365, nayo iingizwe kwenye hesabu.

KUFUA NA KUANIKA

Kitambaa nacho kina masharti, na anayeyapuuza atatuona waongo. Asubuhi pedi isuuzwe mara moja kwa maji baridi ili mkojo utoke, isiachwe kwenye ndoo mpaka jioni ikapata ile harufu ya kuchoma pua. Kisha ifuliwe kwa sabuni na kusuuzwa mara mbili tatu mpaka maji yawe meupe. Sabuni inayobaki katika uzi ndiyo huwasha ngozi ya mtoto, na watu husingizia mkojo. Zile dawa za kulainisha nguo zenye manukato zisitumiwe. Huupaka uzi kitu kama nta, na nepi hukataa kunyonya.

Ianikwe kwenye kamba, juani, si juu ya nyasi wala ukutani kivulini. Katika sehemu nyingi za nchi yetu yupo nzi anayetaga mayai juu ya nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au chini. Mabuu yake huingia katika ngozi ya mtoto na kufanya jipu lenye mdudu ndani. Pasi ya moto huyaua mayai hayo. Masika, jua linapokosekana na nguo kuanikwa ndani, pasi isikosekane, na ipite hasa kwenye pindo na mishono. Kwa wale wa Makete, Njombe na Lushoto, ambako baridi ya mwezi wa sita na wa saba huchelewesha nguo kukauka siku mbili nzima, ndiyo maana tulitaja pedi nane.

Tunawaomba pia akina baba wasisome sehemu hii kama inayowahusu wengine. Nepi sita zinafuliwa kwa robo saa.

Mtoto akiamka tu, avuliwe, aoshwe kwa maji mapajani na sehemu za siri, akaushwe kwa kupapasa, si kwa kusugua. Kuacha nepi ya usiku mpaka saa nne asubuhi kwa kuwa "bado haijavuja" ndiko huleta vipele. Ngozi ikianza kuwa nyekundu, paka vazelini kidogo kabla ya kulala, na mchana mwache bila nguo ya chini apate hewa. Wekundu mkali wenye vipele vidogo vilivyozunguka pembeni na kuingia hata kwenye mikunjo ya mapaja huenda ni fangasi. Hapo vazelini haitoshi, mpelekeni zahanati apate dawa yake. Poda tunaiacha kando. Vumbi lake huingia mapafuni mwa mtoto.

MAJI ASINYIMWE

Watu wengi, kabla ya kufikiria nguo, hufikiria kumnyima mtoto maji. Hili ni kosa. Anywe vizuri tangu asubuhi, na apunguziwe tu saa moja kabla ya kulala. Kinachopaswa kuondolewa jioni ni chai ya rangi na soda ya kola, ambavyo vina kafeini. Mkate na kikombe kikubwa cha chai saa mbili usiku, halafu lawama saa kumi na moja alfajiri, havipatani. Apelekwe kukojoa kabla ya kupanda kitandani, ndipo avalishwe. Asivalishwe saa kumi na mbili jioni akacheza nayo, maana mpaka alale itakuwa tayari imebeba nusu ya mzigo wake.

Na choo kikubwa je? Mtoto aliyefunga choo, tumbo lake hukandamiza kibofu na kukipunguzia nafasi. Papai, maembe, mboga za majani na maji huweza kupunguza kukojoa usiku kuliko mama anavyotarajia.

Yapo mambo ambayo hakuna nguo yoyote itakayoyatibu, na nguo nzuri isije ikayaficha. Mtoto aliyekuwa ameshakauka kwa miezi sita au zaidi, kisha akaanza tena ghafula, achunguzwe. Akiwa pia anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa mno na kukonda, huenda ni kisukari, ambacho huwapata hata watoto wadogo na huua upesi kisipotambuliwa. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, si baada ya siku ya soko. Akilia anapokojoa, au ana homa, mkojo upimwe. Mkojo wenye damu, hasa kwa watoto wanaooga mitoni na madimbwini Kanda ya Ziwa na pwani, huenda ni kichocho, nacho kina dawa. Pengine hakuna ugonjwa bali huzuni: mdogo wake amezaliwa, baba amehama nyumba, bibi amefariki. Au kuna mtu amemtendea ubaya. Mama amwulize kwa upole, tena mahali pa faragha.

La mwisho katika haya tunaliwekea mkazo wa pekee, kwa kuwa Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa wa seli mundu. Ugonjwa huu huharibu uwezo wa figo wa kukaza mkojo. Mtoto huyo hutoa mkojo mwingi mwepesi usiku kama mchana, na huenda akaendelea kulowanisha kitanda muda mrefu kuliko wenzake. Akinyimwa maji ili kitanda kikauke, damu yake huwa nzito, na maumivu makali ya mifupa huweza kumwangusha. Mtoto aliyevimba vidole vya mikono na miguu akiwa mchanga, mwenye macho ya manjano, anayeishiwa damu mara kwa mara, apimwe. Akikutwa nao, anywe maji mchana na usiku bila kuhesabiwa, na pedi yake ya usiku iongezwe tabaka moja, hata mbili. Kwake yeye nguo hii ni sehemu ya matunzo kama vidonge vyake.

KUACHA

Mzazi atajuaje kwamba wakati umefika? Pedi yenyewe itamwambia. Iguse kila asubuhi. Ikianza kuwa kavu siku moja katika wiki, kisha tatu, usitangaze wala usimpigie vigelegele mbele ya wenzake, maana kesho akilowanisha atajiona ameanguka. Ikiwa kavu asubuhi saba mfululizo, mwambie usiku wa nane achague mwenyewe: pedi au chupi peke yake. Akikosea, usiku unaofuata rudisha pedi kama vile umerudisha blanketi wakati wa baridi, ujaribu tena baada ya wiki tatu nne. Anayelala kitanda kimoja na kaka zake apewe upande wa nje, na poti iwe karibu na taa ndogo au tochi, asije akashindwa kwa sababu ya giza tu.

Mtoto akitimiza miaka mitano hali haijabadilika, mpelekeni kwa mganga mwende mkaongee. Yapo matibabu kwa umri huo, ikiwemo kengele ndogo inayolia unyevu wa kwanza unapogusa nguo, na dawa inayofanya kazi kama ile homoni ya usiku. Kabla ya hapo hamhitaji dawa, na anayewauzia mizizi ya kukausha kibofu cha mtoto wa miaka mitatu anawauzia wakati ambao ungepita wenyewe.

Pedi zikishakaa bila kazi miezi miwili, zifueni, zipigeni pasi, mzipeleke kwa mama mwingine mwenye mtoto wa umri huo. Mpira wa godoro uacheni mahali pake kwa miezi kadhaa zaidi.